Maganga, Ile Mashine Nimeichukua

Maganga, mtani wangu,

Wote wanaisimulia vibaya. Kuanzia muuza kahawa mpaka mwenye nyumba wangu, Mbagala nzima wanasema Kondo hakungoja hata arobaini ya mwenzie, kaweka chuma kwenye kigoda chake. Waongo. Arobaini tulisoma, pilau nilikoroga mwenyewe, na watu walikula mpaka wakasahau kama wamekuja msibani. Eda Mama Kulwa kaimaliza yote. Sasa nisikilize mie, maana ndo mara ya kwanza unashindwa kunikatiza.

Kuandika kwangu unakujua. Herufi nilizipata kisomo cha watu wazima, kabla mwalimu hajahama. Ukikuta neno limekatika, liunge. Si ndo kazi yetu.

Kwanza nikupe habari za mazishi yako. Walipolinyanyua jeneza nikajilaza mlangoni, kama anavyotakiwa mtani. Nikasema, "Mnyamwezi huyu hatoki. Kabeba mizigo ya watu maisha yake yote, leo abebwe yeye? Kwanza arudishe mkasi wangu." Watu wakacheka. Mkeo, Mama Kulwa, nikamsikia na yeye kule ndani, kilio kikageuka kicheko, halafu kikawa kilio tena. Akautuma mkasi, na neno juu yake: "Mwambieni Mzaramo kashalipwa, amwache mume wangu aende." Nikainuka. Mkasi ni wako, sio wangu, wote tunajua. Ninao.

Shida ikaja nilipokaa tena kwenye cherehani, hapo barazani kwenu. Wewe unakata viraka, mie naunga, mfarishi wa kujifunika ukiisha mtu anatoka Tabata kuja kuufuata, anapita mafundi wote wa njiani. Mie kukata naweza, tena vizuri kuliko wewe, usicheke. Ila nikikata sishoni, nikishona sikati. Mama Kulwa alikuwa ndani kwenye eda, ukuta mmoja tu kati yetu, anaisikia cherehani inakwenda kidogo, inasimama. Inakwenda, inasimama. Hajawahi kuniuliza yeye na watoto watakula nini. Angeuliza, ningepata pa kuongopea.

Ndo nikaikumbuka ile mashine.

Unakumbuka ulivyorudi Kariakoo umekiona hicho kitu kwa jamaa wa mitumba? Siku hizi kila kitu kinaingia bandarini, ulisema, hata usichojua kazi yake. Ukanieleza: roli mbili na mpini, kama ile ya kukamulia miwa. Kuna ubao una wembe umekunjwa pembetatu. Unalaza nguo juu yake, mikunjo kadhaa, unazungusha, pembetatu zinatokea upande wa pili, zote sawasawa. Halafu ukasema, polepole, "Kondo, vidole vimekataa."

Ulikuwa umeanza kuvifunga vitambaa. Mie nikakujibu, "Mnyamwezi akichoka, dunia ataibeba nani?" Ukacheka sana. Ukakifunga vizuri kidole gumba, ukaendelea kukata. Hukuisema tena ile mashine, mpaka unaondoka.

Maganga, ule ulikuwa utani. Kwetu utani ndo salamu. Lakini we hukunitania siku ile, ulikuwa unaniomba, na mie nikakujibu kama tuko ngomani.

Eda ilipoisha nikaenda Kariakoo. Nikamwambia jamaa mie siuziwi mbuzi kwenye gunia, ilete barazani tuione ikifanya kazi. Akaileta Jumamosi, wavivu wote wa mtaa wakajaa. Mama Kulwa akatoka na birika la chai, akasimama mlangoni.

Aibu zake nakutajia, usije ukadhani nimerogwa. Yale mabaki tunayookotaga kwa mafundi, membamba kama ulimi wa kenge, haiyataki. Wewe ulikuwa unavitoa viraka humo humo. Yenyewe inataka nguo pana, iliyonyooka. Inajua pembetatu ileile tu, ukitaka umbo lingine mpaka ununue ubao mwingine. Na khanga ndo usiseme. Wewe ulikuwa unalizunguka jina la khanga kwa mkasi, libaki zima katikati ya mfarishi, mtu akijifunika alisome. Mie kwa pupa nikachukua khanga iliyo karibu, nikaikunja, nikazungusha. Kumbe ile uliyomnunulia Mama Kulwa sikukuu. "Wema hauozi" imetoka vipande, wema huku, ozi kule.

Nikajua leo namwaga machozi ya mjane mbele za watu.

Mama Kulwa akaweka birika chini. Akaviokota, akavipanga kwenye mkeka mpaka maneno yakarudi. Akasema, "Mtani, hapa ni kushona tu." Halafu akaiangalia mashine. "Kwani huu mpini unazungushwaje?"

Hajawahi kushika mkasi yule, si unajua. Mkono unamtetemeka tangu alivyoumwa. Lakini akakamata mpini, akazungusha, pembetatu zikatoka safi. Za pili zikatoka zimevutika pembeni, akaigusa nguo, akasema mmeilaza mshazari, ifuate uzi. Yeye ndo kaliona hilo, sio jamaa wa Kariakoo, wala mie, ingawa nilikuwa karibu kulisema.

Nikaona nisiache heshima ya mkasi ipotee. Nikatangaza mashindano. Mie na mkasi wako, Mama Kulwa na mashine, shuka la mitumba kila mtu nusu. Na nikashinda, bwana. Mpini ulimkwamia katikati, akawa anahangaika nao, mie nikamaliza nikapiga na chafya. Waulize watu. Basi mashine nikaichukua kwa kuihurumia tu.

Sasa Mama Kulwa anakuja asubuhi, anakaa kigodani kwako, na fungu lako analichukua kwa mkono wake, sio kwa huruma ya mtu. Ananitania vibaya kuliko wewe. Jana kaniambia Mzaramo akishona mshono mmoja anapumzika kwa ngoma mbili. Kulwa na Doto wanacheka mpaka wanakaa chini.

Khanga haziingii tena kwenye mashine. Mtu akituletea za mama yake aliyefariki tumshonee mfarishi, nazikata mie, na mkasi wako, na jina nalizunguka. Hilo nakuahidi, mpaka na mie vidole vikatae. Na vikikataa, nitasema, na nikisema nitasikilizwa, maana huyu mkeo sio mpumbavu kama mie.

Pumzika, Mnyamwezi. Mzigo tumekutua.

Ila kwako siwezi kuongopa hadi mwisho. Mpini haukukwama. Mama Kulwa alimaliza zamani, akajimiminia chai, akakaa akanisubiri. Mie sikufika hata nusu. Nikauweka mkasi chini, nikawaambia watu umepoteza makali. Haukupoteza kitu. Kidole gumba kilikuwa kinawaka moto, Maganga, pale pale ulipokuwa unapafunga.

Mtani wako,
Kondo