Nyuki wa Goweko na Safari ya Madagaska

Kanyenye, Tabora
3 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Kifua chake kimetulia? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Nimeona niandike, maana nikipiga simu anapokea mama, na wewe kila mara "uko porini". Asali gani hiyo inayovunwa kila siku?

Ule msafara wa Madagaska wamenikubali! Miezi mitatu kwenye msitu wa mvua, kuhesabu miti na wanyama jamii ya komba. Ni kujitolea, ila nauli na chakula ni juu yao. Chanjo nimechoma. Kila asubuhi natembea mpaka Kipalapala na begi la matofali mgongoni, waseminari wananishangaa.

Kikwazo ni fomu ya daktari wa msafara. Wameuliza kama nimewahi kudhurika na wadudu, nikaandika kwamba nikiwa na miaka sita niliumwa na nyuki kambini kwako kwenye mizinga, nikapoteza fahamu mpaka kesho yake. Daktari amesimamisha jina langu. Anasema huko hospitali ni mwendo wa siku mbili, nyuki mmoja anaweza kuniua. Anataka barua ya aliyekuwepo: waliniuma wangapi, nilivimba wapi, nilizimia baada ya muda gani. Mwisho tarehe 28. Aliyekuwepo ni wewe tu. Mpe Shaban barua akija kununua asali.

Mwanao,
Julieth

Goweko
9 Juni 2024

Mwanangu Julieth,

Marahaba. Huku sote wazima, mama yako anakohoa kidogo tu. Mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Habari ya safari nimeipata. Babu zako walibeba mizigo ya watu kwenda pwani kwa ujira. Wewe unabeba bure, tena unaomba! Haya. Chukua sweta. Usile matunda usiyoyajua.

Hayo ya nyuki ni ya zamani, mtu husahau. Labda Mungu hapendi uende.

Baba yako,
Ngollo

Kanyenye
15 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Poleni na kikohozi.

Umeniandikia habari za mbuzi. Baba, wewe unakumbuka mzinga upi ulipasuka mwaka gani, leo umesahau siku mtoto wako alipotaka kufa? Kama hutaki niende, sema. Usimsingizie Mungu. Nimeomba nafasi hii miaka miwili. Zimebaki siku kumi na tatu.

Julieth

Goweko
20 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu sana. Mimi sijambo kwa mwili.

Barua hii mwoneshe daktari. Kama ana rafiki mchungaji wa Moravian, asimwoneshe.

Siku ile hukuzimia kwa nyuki. Uliumwa na mmoja tu, asubuhi, sikioni. Ulilia, nikautoa mwiba, ukaenda kucheza. Kabla ya hapo ulishaumwa mara nyingi na hukuwahi kuvimba zaidi ya watoto wengine.

Nilikuwa na dumu la wanzuki kichakani. Ndiyo, pombe ya asali, mimi Ngollo. Nilikuwa nanywa kwa kificho, na Jumapili iliyofuata nilikuwa nasimikwa mzee wa kanisa. Mchana nikapanda mtini kuvuna. Niliposhuka nikakukuta umelala pembeni ya dumu, kikombe mkononi. Ulidhani ni asali ya maji. Nilikutapisha, nikakubeba mbio mpaka nyumbani, naomba njia nzima. Mama yako alipouliza, nikasema nyuki. Ili uongo usimame, nikakukataza kukanyaga kambini tena.

Nimeona aibu miaka ishirini. Lakini kukukosesha safari kwa ajili ya aibu yangu, hapana. Nisamehe.

Baba yako,
Ngollo

Kanyenye
29 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nilisoma barua yako nikacheka mpaka mwenye nyumba akagonga mlango. Halafu nikalia, kwa hasira. Baba, kijana wa Sayi alipotaka kunioa nilimkataa kwa sababu ana mizinga mia! Mazishi ya babu nilikaa ndani, kisa nyuki wa kwenye mti pale nje. Ulikuwa unaniona.

Daktari amesoma. Alikaza uso, ila mabega yalikuwa yanamtikisika. Hata hivyo alinipima kwa dawa ya sumu ya nyuki mkononi, tukasubiri, pakatoka kijipele kama cha mbu, basi. Amesaini, Baba! Naondoka Tabora tarehe 11 kwa treni.

Nimekusamehe, nimefurahi mno, siwezi kuendelea kununa. Ila mama mwambie mwenyewe. Sitavuka bahari na siri yako kwenye begi.

Mwanao,
Julieth

Goweko
4 Julai 2024

Mwanangu Julieth,

Marahaba mara mia. Hongera! Nimewatangazia mpaka wanunuzi wa tumbaku.

Mama yako nimemwambia. Alikuwa anapepeta mchele, hakusimamisha hata ungo. Akasema, "Mtoto ananuka kilabu cha pombe mdomoni, halafu unaniletea habari za nyuki? Nilijua jioni ile ile." Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema, "Kwa sababu tangu siku ile hukunywa tena. Ningekuaibisha ungerudi kunywa kwa kujificha." Nikakaa chini pale pale kwenye pumba. Mwanangu, nimelala vizuri siku tatu mfululizo, nilikuwa nimesahau usingizi ulivyo mtamu.

Tutakuja wote kukuaga. Kalamu anaitaka mama yako.

Baba yako,
Ngollo

Ni mama hapa. Ya pombe niliyajua. Ya woga wako sikuyajua mpaka niliposikia barua yako. Ulikuwa unasema hupendi porini, nikadhani ni mambo ya shule. Hilo ni kosa langu, si la baba yako. Nisamehe, mwanangu. Nenda msituni.