Zawadi ya Tarsem yenye muhuri

Kartar wee! Weka chai chini usome.

Tarsem, yule aliyetudai hela ya chai kwenye arusi ya bintiye, leo katoa zawadi. Tarsem! Zawadi!

Si alimkopesha mpwa wake, Navjot mjukuu wangu, rupia laki nne, awaonyeshe maofisa wa Kanada ana pesa za kuanzia maisha, wampe ukaazi? Kumbe mkopo hauhesabiwi. Mwanasheria kamwambia aandike kampa bure, hatazidai kamwe.

Jasho likamtoka. "Kamwe kabisa?"

"Kabisa, mzee. La sivyo Navjot haendi."

Kasaini, Kartar! Mwanasheria akagonga muhuri. Navjot akamgusa miguu kwa heshima: "Asante kwa zawadi, mjomba!"

Sasa Tarsem kaja kukaa sebuleni kwangu, ananong'ona: "Mzee, hivi Kanada wanamkataza mtu kurudisha zawadi?"