Maziwa ya Naeku Yameandikwa Jina la Mumewe

Mama Hyasinta mpendwa,

Shikamoo. Nimekuwa nikikusoma tangu nikiwa chuoni na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mwandishi wa barua nitakuwa mimi, lakini ukurasa wako wa ushauri gazetini ndio mahali pekee ninapoweza kusema mpaka mwisho bila kukatizwa. Mimi ni kijana wa kiume, karani wa takwimu za maziwa katika kiwanda kimoja hapa Karatu kinachotengeneza mtindi na jibini, na bado niko kwenye kipindi cha majaribio, yaani naweza kuondolewa bila maelezo mengi. Nimezaliwa kwa wakulima, sisi ni Wairaqw wa Endabash, na hilo naomba ulikumbuke kwa sababu lina sehemu yake katika tatizo hili.

Niruhusu nianze na mazuri, maana bila hayo hutaelewa kwa nini nimeogopa. Kiwanda chetu kilikuwa na chumba cha seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia kompyuta nyingine zote, na humo ndani kulikuwa na mchanganyiko wa ajabu: moja ililetwa na mradi wa wafadhili kwa ajili ya kupokea maziwa, nyingine aliinunua mhasibu wa zamani kwa ajili ya mishahara, nyingine ilikuja pamoja na mtambo wa jibini, nyingine ya stoo hakuna aliyekumbuka ilitoka wapi, na hakuna iliyoelewana na mwenzake. Kila moja ilikuwa na fundi wake, huyu anatoka Arusha, huyu Moshi, yule wa jibini yuko nje ya nchi na hupatikana kwa barua pepe tu, kila moja ina leseni yake ya kulipiwa na vipuri vyake visivyoingia kwenye nyingine, na umeme ukikatika tulikuwa tunaziamsha moja moja kama watoto wa bweni, na kuna asubuhi maziwa yaliganda kwenye keni yakimsubiri mmoja wao aamke. Mkurugenzi wetu, nimwite Bwana Hilary, akasema kiwanda hakiwezi kuendelea kulisha mashine kuliko kinavyolisha watu, zote zitolewe, ziwekwe za aina moja, fundi awe mmoja.

Aliyekuja kufanya kazi hiyo ni mhandisi wa kike kutoka Arusha, nimwite dada Lilian. Alileta masanduku mawili meusi yanayofanana kabisa, kila moja ungeweza kulibeba kwapani, na ndani ya hayo mawili akahamishia chumba kizima. Mama, nilisoma mambo haya darasani na nikayachora kwenye mtihani, lakini kuyachora si kuyaona. Siku ya majaribio alituita sote, akamsogeza mkurugenzi mbele ya masanduku, akamwambia achomoe waya.

"Upi?" mkurugenzi akauliza.

"Wowote, Bwana Hilary. Chagua sanduku moja uliue."

"Dada, wewe, maziwa yanapokelewa huko nje sasa hivi!"

"Ndiyo maana nataka iwe sasa hivi."

Mkurugenzi akachomoa. Taa za lile sanduku zikafa. Tukakimbilia dirishani kama watu wanaotazama ajali, na kule nje mizani ilikuwa inasoma, risiti zinatoka, akina mama wanasogeza keni zao, hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Sanduku la pili lilikuwa limeshapokea kila kitu kabla la kwanza halijamaliza kuzima. Mlinzi wetu Mepukori, ambaye hakuitwa lakini alikuwepo, akasema, "Huyu dada amechinja ng'ombe na bado anakamuliwa." Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka, Mama, machozi yalikuwa yananilengalenga, niliona kitu kikubwa kuliko mimi na nikashukuru kwamba nilizaliwa wakati huu na nimeajiriwa mahali hapa. Baada ya hapo dada Lilian akaniita pembeni akasema ameona ninavyojituma, na kazi ikikamilika mimi ndiye nitakayepelekwa Arusha kujifunza kuzitunza mashine hizo.

Katika taarifa yake alionyesha pia kwamba kwenye seva ya zamani ya maziwa wauzaji wengi walikuwa wamejirudia, boma moja la wafugaji limeandikwa mara tatu, mara nne, na namba ya simu ni ile ile, kwa hiyo alizisafisha akaunti hizo, namba moja ya simu ikawa muuzaji mmoja kwa jina la mwenye laini. Mkurugenzi alifurahi na mimi nilipiga makofi. Kwetu maziwa ya nyumbani yakipelekwa kuuzwa yanaandikwa jina la baba, basi, sikuona tatizo lolote.

Wiki iliyofuata nikatumwa Nainokanoka, huko juu ndani ya hifadhi, kwenye kituo chetu cha kukusanyia maziwa, kujaribu mfumo mpya na wafugaji wenyewe. Kulikuwa na ukungu na baridi kali. Akina mama walipanga keni zao, nikapima ya mama mmoja anayeitwa Naeku, kisha ya mke mwenzake Kakenya, na kioo cha mizani kikaandika kwa wote wawili jina moja: Sairowua. Huyo ndiye mume wao.

Naeku hajui kusoma sana lakini jina la mumewe analijua likiandikwa. Akasogea karibu na kioo.

"Kakenya, njoo uone. Sairowua amekamua."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Tulikuwa tumelala."

"Alivaa shanga zangu au zako?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, wengine wakashika mbavu. Nami nikacheka, sijui nilikuwa nacheka nini. Sairowua mwenyewe alikuwa amesimama karibu na gari, ameegemea fimbo yake, na wakati huo huo simu yake ikalia. Akaniletea nimsomee. Nikasoma: ndugu Sairowua, maziwa yako yamepokelewa, malipo yatatumwa kwenye namba hii. Kicheko kikakatika.

"Maziwa ya nani?"

"Yako, mzee. Yaani, simu ni yako, kwa hiyo mfumo..."

"Layoni wewe," akaniambia, na mimi nina stashahada ya chuo, ameniita mtoto ambaye hajatahiriwa, "nani amekufundisha kumtukana mtu mzima mbele ya wake zake? Mimi nauza maziwa? Mimi nitakaa na wenzangu niseme nimekula maziwa ya wanawake?"

Nikasema mtandao unasumbua, utakaa sawa. Ulikuwa uongo, mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Kakenya ndiye aliyenieleza tulipokuwa tunapakia, kwa upole, kama anamweleza mgeni. Kwao ng'ombe ni wa mwanamume lakini maziwa ni ya mwanamke, kila mke ana nyumba yake na ng'ombe aliopewa kuwakamua, na maziwa ya nyumba hii hayachanganywi na ya nyumba ile, na mume hayagusi wala hayaulizii. Simu ya boma huwa moja kwa sababu mtandao unapatikana kule anakochungia mzee, na zamani ujumbe wa malipo ulitaja pesa ni ya nyumba ipi. Fundi wa ile seva ya zamani alipanda huko akakaa nao, ndiyo maana aliandika boma moja mara tatu, mara nne. Hazikuwa akaunti zilizojirudia, Mama. Walikuwa wanawake.

Naeku alinifuata mpaka kwenye gari. "Kijana, mtandao utarudi lini?" Nikasema wiki ijayo, yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Akasema, "Sawa, nina binti yuko bweni hapo Karatu, anasomeshwa na keni hii."

Sasa Ijumaa hii kuna hafla. Seva za zamani zinazimwa na kufutwa kabisa, halafu zinapelekwa kuuzwa kama chuma chakavu, na mkurugenzi amesema kitufe cha ile ya maziwa nitabonyeza mimi mbele ya wageni, niseme kwamba kila kitu kimehamia salama. Ikishafutwa hakuna atakayejua tena maziwa yapi ni ya nani. Nikisema, nitakuwa nimemkosoa mhandisi aliyenionyesha muujiza, mimi nisiyeweza hata kufungua kifuniko cha sanduku lake, na aliyekuwa karani kabla yangu, Clemensi, alikuwa anapinga mashine mpya kila kikao mpaka wakamwita adui wa maendeleo na mkataba wake haukuendelea. Pengine nimekosea mimi. Pengine mashine kamili namna ile imeona jambo ambalo mimi sijaliona. Nikikaa kimya naenda Arusha. Nikisema narudi Endabash. Nifanye nini, Mama?

Ni mimi, Karani wa Maziwa.

*

Karani, marahaba.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Hapo waya ulipochomolewa na mizani ikaendelea kusoma nami nilishika mdomo. Usione haya kwamba machozi yalikulengalenga. Chumba kizima kimeingia kwenye vitu viwili vya kubebwa kwapani, na watu wamekaa wakafikiri mpaka kifo cha kimoja kisimguse mama aliye kwenye foleni! Mkurugenzi wako ana haki ya kuondoa ule mchanganyiko. Maziwa yalikuwa yanaganda yakisubiri kompyuta. Hilo tuliache, hakuna wa kulipinga, na wewe usithubutu kulipinga.

Lakini wewe umestaajabu mpaka ukawa bubu, na hapo ndipo tunagombana. Unaniambia pengine mashine imeona usichokiona. Imeona nini? Mashine haijafika Nainokanoka. Haikumsikia Kakenya. Imepewa namba ya simu ikaambiwa namba moja mtu mmoja, ikatii. Aliyesimama kwenye ukungu akaitwa layoni ni wewe, na dada Lilian hajui kilichotokea kwa sababu wewe peke yako ndiye uliyekuwepo na umefunga mdomo. Unamheshimu? Basi usimwache abonyezewe kosa lake mbele ya wageni na mtu anayelijua.

Na usijilinganishe na Clemensi. Kwa maneno yako mwenyewe, huyo alizikataa mashine. Wewe unazipenda. Mtu anayependa kitu ndiye anayesikilizwa akisema kina tundu.

Halafu kuna huyo mzee. Nimecheka Kakenya alipouliza habari za shanga, nikaacha kucheka alipofika Sairowua. Wapo wanaume wengi, wake zao huniandikia barua, ambao wangeona jina lao kwenye pesa ya mke wakanyamaza, wakashukuru. Huyu mlimpa maziwa ya nyumba zake zote na akaona mmemvua nguo hadharani. Na wewe ukamjibu mtandao unasumbua! Aibu, mwanangu.

Sasa sikiliza. Kabla sijaichapa barua hii nilikupigia kwa namba uliyoniachia kukuuliza, nawe ukasema, "Chapa, Mama," kwa sauti ambayo sikuisikia vizuri. Majina ya watu ambayo hukuyabadilisha wewe nimeyabadilisha mimi. Lakini umeficha jina lako ukaacha kiwanda kizima wazi, maana sidhani kama Karatu mna viwanda viwili vya mtindi vilivyobadilisha seva mwezi huu. Gazeti letu linafika huko Alhamisi mchana, ndiyo maana jibu hili nimekutumia mapema kwenye simu yako. Bwana Hilary akisoma hapa kabla hujamwambia, mimi sitakuwa na la kukusaidia. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, kabla ya chai, uwe umeshasema.

Anza na dada Lilian, mkiwa wawili, si kwenye kikao. Usianze na "nadhani" wala "samahani kama nimekosea". Mwambie: dada, akaunti ulizounganisha ni za wanawake tofauti wanaotumia simu moja, kila mmoja ana maziwa yake, seva ya zamani bado inawajua, naomba isifutwe mpaka tuwarudishe. Mwambie nani alicheka na nani alikasirika, maana hayo hayamo kwenye taarifa yake. Mwanamke aliyeweza kumwambia mkurugenzi chomoa waya wowote hatashindwa kuipa kila nyumba akaunti yake chini ya simu moja. Akikubali, nendeni pamoja kwa mkurugenzi, yeye aeleze mashine, wewe ueleze watu. Akikataa, nenda peke yako, useme hivyo hivyo. Na ikifika Ijumaa hawajakusikiliza, mkono wako usiende kwenye kitufe hicho. Wakitafuta mwingine wa kukibonyeza, watakuwa wamekibonyeza wakijua.

Unaweza kukosa Arusha. Unaweza kurudi Endabash, sitakudanganya. Lakini ukibonyeza, ujue utapelekwa kusomea kutunza mashine ambayo ndani yake umemfuta Naeku, na kila utakapotumwa Nainokanoka atakuwa pale na keni yake akikuuliza mtandao umerudi.

Kwa hiyo gari la kwanza likipanda huko baada ya Ijumaa, uwemo, uwe bado na kazi au umeomba lifti. Mtafute kwanza mzee Sairowua, inamisha kichwa akuguse utosini kwa mkono kama wazee wanavyoamkiwa huko, mwombe radhi yeye akiwa na wake zake wote pale pale ulipomwaibishia. Kisha mwambie Naeku kwamba mtandao haukuwa na tatizo lolote siku ile. Na kama mmewahi kuwarudisha wanawake hao kwenye mfumo, pima keni yake, geuza kioo upande wake, na ukae kimya mpaka alisome jina lake mwenyewe.

Mama Hyasinta