Ekari Saba za Bondeni

Nant-y-Brain,
Wales.
9 Machi 1941

Mpendwa Dada Eluned,

Pokea salamu zetu za milimani. U hali gani huko Patagonia? Kifua cha Mjomba Gwilym kimepata nafuu? Sisi tunapumua, na nikisema zaidi ya hapo nitakuwa naongopa. Barua hii anaibeba baharia, maana za posta zinafunguliwa na kusomwa siku hizi. Keti kwanza, dada. Kaka Emrys ameuawa.

Vita vimeiotesha serikali meno. Kamati ya kilimo sasa inamwamuru mtu alime wapi, na asipotii inamfukuza kwake. Mwanakamati wa huku kwetu ni jirani yetu Tegid Prys, mzee wa kanisa, aliyekula Krismasi mezani petu. Mwezi wa kumi alituletea karatasi: tulime ekari saba za bondeni, tupande viazi.

Bondeni! Pale farasi huzama hadi tumboni. Emrys akalima ekari nane za juu, penye udongo mkavu, akidhani kiazi ni kiazi tu. Kamati ikaandika kwamba amekaidi, na Februari ikaja amri tuhame.

Asubuhi ya tarehe ishirini walikuja askari wanane pamoja na Tegid. Emrys alitia komeo mlangoni, akachukua bunduki ya kuwindia sungura.

"Emrys, toka bwana! Acha wazimu!" Tegid alipaza sauti.

"Njoo unitoe wewe, mnafiki mkubwa! Umewahi kulima tope, wewe?"

Walivunja mlango kwa shoka. Emrys akafyatua, askari mmoja akaanguka ameshika goti. Wakarusha mabomu ya machozi, mama akawa anatapika chini ya meza. Kisha zikalia risasi. Nilimkuta Emrys jikoni, taya limeng'oka, bado anahema. Alifia mapajani pangu. Nilimchukia Tegid mpaka meno yakaniuma.

Jumapili baada ya mazishi, Tegid alisimama kutangaza wimbo. Kinanda kikalia, na kanisa zima likafumba kinywa. Kanisa la Wales, Eluned, sisi tuliozaliwa tukiimba, halikuimba! Akaimba beti zote peke yake.

Nje wanaume walimkamata, wakamburuta hadi bondeni kwetu, wakamfunga kwenye plau mahali pa farasi.

"Haya vuta, mzee! Si ulisema panalimika?"

Walimchapa fimbo za mgongo. Akavuta hatua chache, akazama magotini, kisha kifuani. Alikuwa analia na kuniita kwa jina. Hapo kicheko kikakatika, watu wakashika kamba za plau, wakanigeukia mimi niseme avutwe. Sikusema, hadi tope likamfunika.

Polisi tuliwaambia kwamba alikwenda kulipima bonde, akateleza. Kesho yake sisi tukafukuzwa vilevile, na nyumba ikapigwa kufuli. Watu waliogopa kutupokea. Aliyetufungulia mlango ni Nesta, mjane wa Tegid. Anampikia mama uji, na usiku ananifunika blanketi la mumewe. Jana alinishika mkono akaniambia, "Ahsante mwanangu. Wameniambia ulikuwepo, kwa hiyo najua hakufa peke yake."

Nisalimie Mjomba Gwilym, Nel na mapacha wake. Mungu awaweke mbali na haya yetu, na usiku ukipiga magoti, nitaje.

Ni mimi nduguyo, ninayekupenda hata hivi nilivyo,
Morfydd