Masinia ya Mama na Mtandao wa Kwa Rukia

Dada yangu Mwanaidi, shikamoo.

Nakuandikia mtoto akiwa amelala mapajani, kwa hiyo mwandiko ukipinda ujue ni miguu yake. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Na wewe kifua kimepoa? Sisi huku Bagamoyo wazima, alhamdulillahi. Zuhura ameota jino la pili na anatambaa kama anayefukuzwa. Ningepiga simu, lakini Mama akiishika simu yako anaweka sauti kubwa, na haya si ya kusikiwa na mtaa mzima wa Pangani. Mpaka hapa msomee Mama. Yanayofuata soma peke yako.

Dada, nina wivu. Nimelitanguliza usije ukaniuliza.

Unajua Shabani aliacha kazi ya duka la kuchapa, sasa anafanyia hapa hapa ukumbini. Anawajazia watu fomu za vyuo na za vyeti vya kuzaliwa. Ana kompyuta ya mkononi, ana printa, na ana kile kisanduku kinacholeta intaneti, wenyewe wanakiita rauta. Miezi ya mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Halafu mtandao ukaanza vituko. Fomu inafika katikati, inakwama. Printa inaitwa, haiitiki. Shabani akazima, akawasha. Akachomoa nyaya, akazifuta, akazirudisha. Akawapigia wenye mtandao, wakamwambia azime awashe, wakati hiyo ndiyo kazi aliyoshinda nayo tangu asubuhi.

Siku moja akabeba kompyuta akasema anakwenda kutuma fomu za watu kwa jirani. Jirani mwenyewe ni Rukia, fundi wa madera, mtalaka, nyumba yake inanukia udi hata siku za kufua. Naye ana rauta, anauzia nguo zake mtandaoni. Nikasema sawa. Kesho yake akaenda tena. Wiki ya pili alikuwa akimaliza chai anachukua kompyuta bila hata kujaribu ya nyumbani. Nikiwa naanika nguo nikamsikia Rukia akimpokea barazani: "Shemeji, leo umechelewa. Mtandao ulikuwa unakuuliza."

Dada, nilikamua ile kanga mpaka mkono ukauma.

Nikaanza kupeleleza. Nikaona mtandao wetu unakufa siku za kawaida, lakini Ijumaa tuliyosoma hitima ya baba mkwe ulikwenda mchana kutwa. Nikajua ni baraka ya hitima. Jumamosi nikaosha vyombo, nikavirudisha kabatini, mtandao ukafa. Nikaamini Shabani anauzima mwenyewe apate sababu ya kutoka. Nilishaanza kukunja nguo za Zuhura, nije huko.

Kabla sijafunga mzigo nikachukua chupa ya chai, nikambeba mtoto, nikaenda kwa Rukia niwakute. Nimewakuta. Mume wangu yuko barazani nje, kainamia fomu, jasho linamtoka. Rukia yuko ndani kwenye cherehani, mlango wazi, hana habari naye. Nikaona aibu, lakini sikutaka kurudi bure, nikaingia. Macho yangu yakazunguka ukutani. Rauta yake kaitundika juu kwenye msumari, haina kitu, ina vumbi.

Nikamwuliza, "Mbona umeiacha uchi?"

"Niliivisha ikagoma," akasema, mguu bado uko kwenye cherehani. "Chombo hiki hakitaki stara, mdogo wangu. Ya kwenu mmeiweka wapi?"

Nilikumbuka ya kwetu ilipo. Zuhura alipoanza kutambaa alikuwa anavuta nyaya, na wageni waliweka vikombe juu ya rauta. Nikaitia kwenye kabati la vyombo, waya nikaupitisha kwenye tundu la nyuma. Nikaifunika kitambaa chako cha kufuma, kile cha waridi jekundu, na mbele yake nikasimamisha masinia manne ya Mama ya harusini, ili kabati lipendeze. Siku ya hitima masinia yote yalikuwa nje, yamejaa pilau.

Nikarudi nyumbani nusu nakimbia. Nikayatoa masinia, nikavua kitambaa, rauta ilikuwa ya moto kama mtoto mwenye homa. Nikaipandisha juu ya kabati. Simu yangu, ambayo chumbani haikuwahi kushika, ikaanza kulia meseji mfululizo.

Shabani aliporudi akaitazama rauta, akayatazama masinia sakafuni. Nilimweleza yote, hata la nguo za Zuhura. Akasema, "Nilikuona siku ile unapanga kabati. Ulikuwa unaimba. Sikutaka kugusa kitu."

Mwanamume mzima, Dada, aliona bora aende kwa watu kuliko kunivurugia kabati. Nililia kidogo, nikampikia.

Basi jana umeme wa Rukia umekatika, yeye tu, luku imemwishia. Huyo kaja na simu yake, wateja wake wanamsubiri mtandaoni, kasimama mlangoni, kajipaka hina mpya. "Shemeji, nisaidie paswedi." Nilitazama masinia. Wallahi niliyatazama. Shabani hakuinua kichwa, akamwambia, "Muulize mwenye nyumba."

Nikaichukua simu nikaiandika mwenyewe, herufi moja moja, nikasubiri mpaka ikashika. Kisha nikamtolea kiti. Nimekiweka upande wangu.

Nishikie Mama miguu, mwambie masinia yake yako salama, nimeyaning'iniza jikoni. Msalimie Shemeji mumeo, na somo yangu aliyenifunda, mwambie hili la rauta hakunifundisha. Kitambaa chako nimekitandika chini ya rauta, maua yanaonekana pembeni. Ukipata uzi nifumie kingine, kipana kidogo.

Mimi mdogo wako, Mwanahamisi, mama Zuhura.