Radhi Niliyoomba Barabarani

Kahama, Jumatano

Mama, shikamoo. Najua umeshaitikia. Goti linaendeleaje? Maji bado mnayafuata bondeni, au bomba limekumbuka kutoa? Na mikorosho ya marehemu Baba imeshaweka maua? Mimi mwili mzima, ila moyo hauko sawa, nisikufiche. Nimeandika kwa sababu nikipiga simu Mjomba huiweka sauti ya juu, na Kitangari nzima ikasikia. Vaa miwani usome mwenyewe.

Polisi wamezuia leseni yangu. Lori naliona pale uani, funguo anazo tajiri, mwenye lori.

Ilikuwa Ijumaa iliyopita, natoka Dar na mzigo wa saruji. Kwenye kijiji kimoja nikasimamishwa na askari wa barabarani, mama mtu mzima, umri wa Mama Mdogo kabisa. Nikashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unakimbia hivyo kwenye hamsini?"

Akanionyesha picha kwenye simu, katumiwa na mwenzake mwenye tochi ya kupimia mwendo. Lori jeupe, vumbi tupu, namba ya kusoma kwa kubahatisha, spidi sabini na nane.

Mama, si wewe uliyetufundisha? Mtu mzima akikusema, kwanza unaomba radhi hata kama kosa hulijui, ndipo unajieleza taratibu. Nani kwetu aliwahi kumwambia mkubwa "si mimi"? Ungemchapa na mwiko. Basi nikafumbata mikono, nikasema, "Nimekosa, mama, naomba radhi." Nikangoja aseme, haya, jieleze. Hakusema. Aliandika. "Umekiri mwenyewe, weka sahihi hapa." Nikaweka, akanitakia safari njema.

Faini siyo inayoniliza. Shida ni kwamba hili ni kosa la tatu, ndiyo maana nilipofika huku polisi wakaizuia leseni. Mawili ya mwanzo ni yangu kweli, nilikanyaga mafuta, sibishi. Lakini kwa tajiri wetu, ukifikisha matatu unashuka kwenye usukani.

Jumapili tunakunywa chai, dereva mwenzangu Baba Neema, Msukuma mwenye mdomo huyo, akaisoma karatasi ya kosa. "Picha imepigwa saa nne na robo? Si tulikuwa wote kwenye foleni ya mizani, tunapima malori?" Nikapekua mifuko. Karatasi ya mizani ninayo, imeandikwa saa nne na dakika ishirini, na namba ya lori langu. Kutoka mizani hadi kile kijiji ni mwendo wa saa nzima, mimi nilifika pale saa tano imeshapita. Lori la kwenye picha si langu, Mama! Baba Neema alicheka hadi chai ikampalia. "Nyie Wamakonde, mnakiri hata ya jirani!" Nikacheka naye, kisha chapati ikanishinda.

Nikaenda kituoni kupinga. Askari wa mezani alisoma vizuri, hakunidharau. "Karatasi hii ingekusaidia palepale barabarani. Ungekataa kosa, ungeenda kujieleza mahakamani. Sasa hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi mimi nifanyeje?"

Nami nilikuwa nimekwenda kumuuliza hilohilo.

Keshokutwa tajiri ameniita nijieleze. Akinielewa, atanisimamia kwa polisi nirudishiwe leseni. Asiponielewa, miaka kumi na moja ya usukani imeishia hapo. Kila jioni Baba Neema anakaa juu ya tairi bovu, anajifanya tajiri, ananikaripia. "Sema si mimi! Anza na hilo!" Najaribu, wallahi. Kila mara mdomo unaanza na samahani.

Msalimie mke wangu, Mama Zuhura, ila hili la leseni niachie nimwambie mwenyewe. Mjomba naye, mwambie simu si redio. Na Shangazi wa Chiungutwa ukimwona sokoni, mpe pole ya mguu.

Tajiri wetu ni mzee, Mama, ana mvi kumshinda Mjomba. Nitaingia na karatasi yangu mkononi, nitamwamkia, ataitikia, na ninajua kitakachonitoka. Kwa hiyo nakuomba ruhusa, safari hii moja tu, nimjibu mtu mzima. Barua nampa kondakta wa basi la Masasi kesho asubuhi. Hadi ikufikie Kitangari, Ijumaa itakuwa imeshapita.

Nisamehe, Mama.

Mwanao,
Hamisi