Soksi za Sufu Siku ya Posa

Rwezamenyo,
Kigali.
8 Agosti 1991

Mpendwa Shangazi Mwamini,

Assalam alaykum. Kabla ya yote naliulizia goti lako. Limekubali kukunjika wakati wa sala, au bado unaswali juu ya kiti? Na huko Tabora, kiangazi ni kikali kama hapa? Sisi hatujambo. Baba anakohoa vumbi kama mtaa mzima, Mama ni mzima. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utayaona.

Soksi zilifika, ahsante. Ni sufu safi. Nilizivaa Jumapili walipokuja wakwe kuniposa, maana sebuleni hakuna anayeingia na viatu tangu Baba atandike zulia lake jipya la nyuzi za plastiki. Nilifuata na agizo lako neno kwa neno: binti anayeposwa hanyanyui miguu, anaikokota taratibu, macho chini, kama asiyejua aendako.

Shangazi, nilikokota. Nilianzia mlango wa jikoni hadi alipoketi Mama Nkusi, mama wa mchumba wangu. Nikapiga goti, nikampa mkono. Ta! Cheche ikaruka kati ya vidole vyetu, naye akaurudisha mkono kama aliyegusa pasi ya moto.

"Yebaba we! Ameniuma!"

Nikaomba radhi, nikakokota kurudi jikoni, nikakokota tena kuja na sinia la chai. Mzee Gasana, shemeji yake na msemaji wao, akagusa ukingo wa sinia. Ta! Sukari yote ikamwagikia kanzu yake.

"Uyu mtoto iko na jini," akasema Mama Nkusi, akiokota mkoba wake. "Twende."

Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba nilijua. Ndilo somo ninalowafundisha wasichana wangu shuleni. Vitu viwili visivyofanana vikisuguana, kimoja humpokonya mwenzake chembe ndogo mno za umeme. Plastiki hunyakua, sufu huachia. Kila hatua niliyokokota iliniachia upungufu, na hewa ilikuwa kavu mno kunisaidia, hivyo wa kwanza kunigusa, chembe zake zikarukia kwangu. Kwa hiyo Mama Nkusi hakukosea sana: kweli kuna kitu nilimnyang'anya.

Hapo binti mwenye akili angelia kidogo na kunyamaza. Mimi nikaanza kufundisha. Nilichukua kitana cha plastiki, nikakisugua kwenye soksi, nikakishika juu ya vipande vya karatasi. Vikaruka na kukigandia.

"Sasa anaita vitu na vinakuja!" Mama Nkusi alianza kusoma Ayatul Kursiyu kwa sauti. Baba akajifunika uso. Nkusi, ambaye siku hiyo hakuruhusiwa kusema, aliikodolea dari macho. Niliiona ndoa yangu ikitafuta viatu vyake mlangoni.

Nikavua soksi nikaziweka miguuni pa Mama Nkusi. "Mama, hakuna jini linaloishi kwenye soksi. Zivae, ukokote miguu, kisha umguse shemeji yako."

Sijui kwa nini alikubali. Nadhani ni kwa sababu ya Mzee Gasana mwenyewe, ambaye humtania kila mwaka kwamba ugali wake ungefaa kujengea msikiti. Alizivaa. Alikokota kutoka dirishani, macho chini, bibi harusi wa miaka sitini, akamgusa ncha ya sikio. Ta!

"Wewe mwanamke!" Kofia ikaanguka.

"Iyo ni ya ugali!" Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akainuka, akarudi dirishani, akaanza kukokota upya, na mzee akakimbilia nyuma ya Baba.

Mama Nkusi alipochoka, Mzee Gasana aliuliza kwa uzito wote: "Na uyu akija kwetu, tutapigwa kila siku?" Nikamweleza kwamba mvua zikianza hewa huwa na unyevu, na umeme huu hutoroka polepole kabla haujamuuma mtu. Wakatoka nje kushauriana. Waliporudi walisema posa inaendelea, ila harusi haitakuwa Septemba kama tulivyopanga. Itakuwa Novemba, mvua ikiwa imekolea.

Soksi zako ameondoka nazo Mama Nkusi. Nkusi anasema mzee sasa anamsalimia shemeji yake akiwa ng'ambo ya barabara.

Nisalimie Baba Cyusa, Cyusa mwenyewe, na Gwiza mdogo. Mwambie aache kula sabuni. Mama anakusalimu sana, Baba pia, ingawa anasema ushauri wako mwingine upitie kwake kwanza. Mungu akulinde na kulilegeza goti lako ufike harusini salama. Wenzetu wakiolewa huombewa jua. Mimi niombee mvua.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata baada ya hayo,

Zulfa Mukamana